Faili Dogo Si Faili Jepesi

Mtandao umewazoesha wahariri wa video kuamini kwamba faili dogo ndilo jepesi. Kwa klipu ya kupandishwa YouTube au kutumwa kwa WhatsApp, hawakosei. Lakini klipu ya kuchanganywa mubashara jukwaani ina maisha mengine: VJ huirusha mbele, huirudisha nyuma, huikatia katikati na kuilaza juu ya nyingine mbili ili ifuate mdundo. Hapo faili dogo ndilo linalogandisha picha ukumbi ukiwa umechangamka. (Kwa Waganda, VJ ni yule anayesimulia filamu juu ya sauti za waigizaji; hapa nazungumzia anayechanganya picha kama DJ anavyochanganya muziki.)

Chanzo ni namna picha zinavyobanwa. Kodeki ya H.264, iliyopitishwa mwaka 2003 na inayotumika hadi leo karibu kwenye kila simu, haihifadhi kila fremu kwa ukamilifu wake. Huandika moja kamili, na zinazofuata huishi kwa kukopa: kipande hiki kimesogea kulia, kile hakijabadilika, kachukue kwa jirani. x264, programu maarufu ya kubana kwa mtindo huo, isipoagizwa vinginevyo huweza kuacha hadi fremu 250 kutoka fremu kamili moja hadi nyingine. Kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni sekunde 10. VJ akiidai ghafla fremu ya 240, kompyuta inarudi kwenye ile kamili na kufumbua mlolongo wa madeni mpaka imfikie mdaiwa. Akitaka picha irudi nyuma, mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu mlolongo wa madeni hufumbuliwa kwa kwenda mbele tu.

Dawa ni kodeki ambayo kila fremu inajitegemea. HAP ni mfano mzuri: ni ya bure, na imejengwa juu ya mbinu ya kubana picha iliyobuniwa miaka ya 1990 kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Kila kitalu cha pikseli 4 kwa 4 hubanwa kuwa baiti 8, na kadi ya michoro hukisoma kikiwa vilevile, huku prosesa ikipumua. DXV, kodeki ya Resolume, programu ya ma-VJ, hufuata njia inayokaribiana na hiyo. Gharama yake haifichiki. Fremu ya 1920 kwa 1080 inafika takriban megabaiti 1, yaani kama megabaiti 26 kwa sekunde, na dakika moja inakaribia gigabaiti 1.6 kabla ya mbano mwepesi unaoongezwa mwishoni. H.264 ya megabiti 10 kwa sekunde ingetumia megabaiti 75 tu.

Mtu atauliza: mara ishirini, kweli? Kweli, lakini nafasi ya diski hununuliwa kabla ya onyesho, na muda wa prosesa hauongezwi onyesho likishaanza. SSD ya kawaida ya SATA husoma kama megabaiti 500 kwa sekunde; klipu tatu kwa pamoja hazifikishi 80. Fleshi ya bei rahisi ndiyo itakayoaibika. Mwingine atasema kompyuta za siku hizi zina kifumbuzi cha H.264 ndani ya kadi yenyewe. Zinacho, tena kina kasi, ila kasi hiyo haifuti deni. Asiyeweza kuachana na H.264 aagize kila fremu iwe kamili. Faili litavimba, lakini VJ ataweza kuruka popote.

Pa kubana matumizi ni kwenye pikseli zisizo na kazi. Ukuta wa LED wa mita 4 kwa 2, uliofungwa kwa paneli za nusu mita zenye pikseli 128 kila upande, una pikseli 1024 kwa 512 tu, robo ya zile za 1920 kwa 1080. Kuupelekea 4K ni kuichosha kompyuta bure. Sauti nayo iondolewe kama haitatumika, na klipu itolewe moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuhariria, kwa maana kilichopotea ndani ya H.264 hakirudishwi na HAP.

Pingamizi lenye uzito ni la rangi: HAP ya kawaida huweza kuichana anga ya machweo kuwa mistari. HAP Q huliondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, kwa faili maradufu. Na filamu ya dakika 40 itakayochezwa mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuguswa na mtu? Hiyo iachwe na H.264 yake.