Totora, ndugu ya ndago anayebeba watu

Mkulima yeyote wa hapa Pwani anaijua ndago. Waing'oa leo, wiki ijayo imechipuka tena, kwani uhai wake umejificha chini ya ardhi. Kwetu ni adui wa shamba. Lakini katika milima ya Andes, Amerika Kusini, kuna mmea wa ukoo uo huo ambao watu wameujengea maisha. Jina lake ni totora.

Totora huota katika Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Huko baridi ni kali na miti ya mbao ni adimu. Mabua ya totora hupita kimo cha mtu, na ndani yana vijitundu vya hewa. Ndiyo maana yanaelea.

Karibu na mji wa Puno, nchini Peru, jamii ya Uros huishi juu ya visiwa ilivyojitengenezea. Hukata mapande ya mizizi ya totora yanayoelea, huyafunga pamoja, kisha hutandika mabua juu yake. Nyumba ni totora, mashua ni totora, na sehemu nyeupe ya chini ya bua huliwa. Mabua ya chini yakioza, hutandikwa mapya juu.

Ujuzi huo ulivuka bahari. Mwaka 1970 mafundi wa Kiaymara kutoka ziwa hilo walimuundia Thor Heyerdahl chombo cha mafunjo, jamaa mwingine wa totora anayeota hata Ziwa Victoria. Chombo hicho, Ra II, kilitoka Safi, Moroko, kikafika Barbados baada ya siku 57.

Totora ikikatwa huota tena, mradi mizizi ibaki na maji yawepo. Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2023 ukame ulishusha sana maji ya ziwa, na totora ya kandokando ikakauka. Maji taka ya Puno nayo huchafua ghuba. Peru ilitenga hifadhi ya taifa huko mwaka 1978, lakini hifadhi huzuia panga na moto. Haileti mvua, wala haisafishi mabomba ya mji.

Mtu wa Uros anajua kutengeneza ardhi kwa mikono yake. Maji ya kuielezea ardhi hiyo hayamo mikononi mwake peke yake.