Majina Yalihama, Akaunti Zikabaki

Mwaka wa pili nilikuwa CR. Wiki moja kabla ya fildi nilitakiwa kupeleka orodha ya darasa: jina, namba ya usajili na akaunti ya benki ya kila mmoja, ili hela ya fildi iingie. Tulikuwa 143. Majina yalijazwa ovyo, nikaamua kuyapanga kwa alfabeti. Nikachagua safu ya majina kwenye Excel, nikabonyeza kupanga. Likatokea onyo, nikalipita bila kulisoma, nikatuma.

Hapo ndipo nilipochemka. Majina yalihama, akaunti zikabaki palepale. Malipo yakarudishwa kwa sababu majina na akaunti havikulingana. Wiki mbili watu wako mikoani hawana kitu mfukoni. Mshkaji niliyekaa naye chumba kimoja alinipigia kutoka Songea: "CR, mwenye nyumba ananidai kodi, nimwambie nini?" Sikuwa na jibu.

Baada ya aibu ile nilijifunza kutumia maktaba za programu, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa na wengine ambayo wewe unaiita tu ikufanyie kazi. Ninayoitumia zaidi ni pandas ya lugha ya Python, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Wes McKinney. Ni ya bure. Huhitaji kusoma kompyuta ili kuitumia. Mimi mwenyewe nasoma takwimu.

Tuanze na faili lenyewe. CSV ni maandishi matupu: kila mtu ana mstari wake, na safu zinatenganishwa kwa mkato. Tazama:

jina,usajili,akaunti
"Juma, Asha",014,00452

Ukikata mstari huo kila penye mkato utapata vipande vinne badala ya vitatu, maana jina nalo lina mkato ndani. Maktaba inajua kwamba kilicho ndani ya alama za kunukuu ni kitu kimoja. Ndiyo maana nakushauri usijiandikie msimbo wako wa kukatakata mistari. Wenzako walishakwama hapo zamani, wakashatatua.

Tatizo la pili ni sifuri za mbele. Ukifungua faili hilo kwa Excel moja kwa moja, 00452 inageuka 452, kwa sababu programu inadhani ni idadi ya kitu. Namba ya NIDA ndiyo balaa zaidi. Ina tarakimu 20, na Excel inashika 15 tu za namba; ukiiandika bila vistari, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri. Hazirudi tena, hata ukibadilisha muundo wa safu baadaye. Akaunti, simu, usajili na NIDA si hesabu. Hakuna anayejumlisha namba za simu. Zichukulie kama maandishi.

Na pandas nayo, usipoiambia, inakula sifuri vilevile. Unaiambia hivi:

import pandas as pd
orodha = pd.read_csv("darasa.csv", dtype=str)
orodha = orodha.sort_values("jina")
orodha.to_csv("darasa_mpya.csv", index=False)

Mstari wa pili unasoma faili; dtype=str maana yake kila kitu kisomwe kama maandishi. Wa tatu unapanga kwa jina, na hapa ndipo penye tofauti na nilichofanya mimi: mstari mzima wa mtu unahama pamoja, jina na akaunti yake. Wa nne unaandika faili jipya. Lile la zamani linabaki salama, ukikosea unaanza upya.

Ofisi ikitaka faili la Excel, badala ya to_csv andika to_excel na jina la faili liishie na .xlsx. Epuka .xls ya zamani, kwani inabeba mistari 65,536 tu. Mwaka 2020 kule Uingereza wagonjwa 15,841 wa korona waliachwa kwenye takwimu za kila siku kwa sababu ya kikomo hicho. Wale ni wataalamu, sembuse CR aliye na haraka.

Kabla ya kutuma chochote, sasa nafanya mambo mawili. Nahesabu mistari: 143 iliingia, 143 itoke. Halafu nachagua watu watatu, wa juu, wa katikati na wa chini, nalinganisha akaunti zao na faili la mwanzo. Ni dakika tano.

Yule mshkaji alikopa hela ya kodi kwa shangazi yake, akalipa. Mwaka uliofuata tulipotakiwa kutuma orodha tena, alikuja na kiti, akakaa pembeni yangu. "Leo," akasema, "tunasoma kila onyo."