Kuku Wetu Tutawaweka Wapi?

Sogeeni, wanangu. Hadithi ya leo ni ya kweli tupu, na ni ya Pakistani.

Yasmeen Lari alizaliwa mwaka 1941, katika eneo ambalo leo ni Pakistani. Akaenda Uingereza kusomea usanifu wa majengo, akarudi kwao akiwa mwanamke wa kwanza Pakistani katika fani hiyo. Miaka ya 1970 alikabidhiwa kazi ya nyumba za watu wa kipato cha chini mjini Lahore, mtaa wa Angoori Bagh. Kabla ya kushika kalamu aliwafuata akina mama wa mabandani kuwauliza wanataka nini. Nao wakamuuliza: kuku wetu tutawaweka wapi?

Swali zito hilo! Kuku ni mayai ya watoto, ni akiba ya siku ya shida. Ukimhamishia mama huyu ghorofani asipate hata kiwanja, umempa paa ukamnyang'anya riziki. Yasmeen akachora nyumba zenye sehemu za wazi juu, za kufugia kuku na kuchezea watoto.

Baadaye alijenga majengo makubwa ya Karachi, ya zege na vioo, kisha mwaka 2000 akafunga ofisi. Lakini Oktoba 2005 tetemeko likaua maelfu kwa maelfu kaskazini mwa nchi. Bibi huyu, umri umeshapita miaka 60, akapanda milimani kujenga pamoja na waliopoteza nyumba, kwa mawe na mbao za vifusi vyao wenyewe.

Baada ya mafuriko ya 2010 akajenga kwa mianzi, udongo na chokaa badala ya saruji. Saruji huokwa kwenye moto wa nyuzi 1,450 hivi, na gesi inayotoka inazidi kuipasha dunia joto. Chokaa hutaka moto mdogo zaidi. Ukiichanganya na udongo, ukuta hauyeyuki ovyo kwa maji. Babu zetu wa pwani waliijua vizuri: Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Kinachonigusa zaidi ni jiko lake. Wanawake wa vijijini walikuwa wakipika chini, moshi ukiwaingia machoni na kifuani. Yeye akawafundisha kujenga jiko la udongo na chokaa, lenye bomba la moshi, juu ya jukwaa ambalo maji ya mafuriko hayalifikii kwa urahisi. Waliojifunza wakaenda vijiji vingine kufundisha wenzao, wakilipwa ujira wao.