Kwaya Irekodiwe Ikiimba Pamoja

Video ya kwaya siku hizi inakuonyesha watu arobaini wamesimama ufukweni au kwenye ngazi za hoteli, sare zinang'aa, midomo inacheza. Sauti unayoisikia haikutoka hapo. Ilitengenezwa studio kabla: sauti ya kwanza waliingia, wakaimba, wakatoka, wakafuata wa pili, kisha wa tatu na wa nne, pengine watatu watatu kwa kuwa chumba ni kidogo, kila mmoja na hedifoni masikioni akifuata mdundo uliokwisha kupangwa kwenye kinanda. Baadaye fundi akanyoosha kwa kompyuta kila noti iliyopinda. Kazi inatoka safi, lakini kwaya yenyewe, watu wanaosikilizana na kuvuta pumzi kwa pamoja, haimo.

Nenda ukaisikilize kwaya hiyohiyo Jumapili. Mwalimu anainua mkono kabla ya kiitikio, anaushikilia kidogo tu, na wote wanamngoja. Besi wakishuka, alto wanapunguza kuwapisha. Mdundo wa kinanda uliopangwa haujui kumngoja mtu. Ninaamini kwamba kwaya zetu zinapoteza utajiri wake mkubwa kwa kukubali kurekodiwa vipande vipande, wakati vifaa vya kuzirekodi zikiimba kanisani vinapatikana.

Kurekodi kwaya ikiimba pamoja ni jambo la zamani. Tarehe 29 Juni 1888, ndani ya Crystal Palace jijini London, George Gouraud, wakala wa Thomas Edison, alirekodi kwa fonografu kwaya ya watu wapatao 4,000 ikiimba oratorio ya Handel, Israel in Egypt. Pembe ilikusanya sauti, sindano ikaichora kwenye silinda ya nta. Ukisikiliza leo, mikwaruzo imetawala na maneno hayashikiki. Hata hivyo unatambua mara moja kuwa huo ni umati ndani ya jengo kubwa, unapanda na kushuka kwa nia moja.

Fundi anayetaka kurekodi kwaya aanze na jengo. Apige kofi moja katikati ya kanisa tupu asikilize sauti inachukua muda gani kufa. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu jijini Dar es Salaam, lenye kuta nene na dari iliyoinuka, huirefusha sauti, na nyimbo za taratibu hunufaika sana humo. Jengo la mabati yasiyo na dari hurudisha sauti kali, na mvua ikinyesha hakuna fundi wa kuiokoa kazi. Akumbuke pia kwamba waumini wakijaa, miili na nguo zao hunywa sauti, kwa hiyo mwangwi wa Jumamosi ya mazoezi si ule wa Jumapili. Feni zizimwe wakati wa kurekodi, na jenereta, kama lipo, lihamishiwe mbali.

Kisha maikrofoni. Hapa ndipo kazi inapokufa au kupona. Wengi huchomeka waya kwenye miksa ya kanisa na kuchukua kinachotoka. Miksa ile imepangwa kujazia kile kisichofika kwa waumini wa nyuma. Ndiyo maana rekodi yake huwa na kinanda kikubwa, mwimbishaji mmoja anayepiga kelele, na kwaya iko mbali kama majirani. Afadhali maikrofoni mbili nzuri za kondensa kwenye stendi ndefu, nyuma ya mwalimu, juu ya vichwa, zikiinamishwa ili safu ya mbele isiwameze wa nyuma. Mafundi wa redio ya Ufaransa, ORTF, walituachia kipimo kizuri: vichwa vya maikrofoni viachane sentimita 17, karibu sawa na masikio ya mtu, na vitazame nje kwa pembe ya nyuzi 110. Spika za kanisa zipunguzwe, la sivyo maikrofoni zitarekodi spika.

Kama sauti ya kwanza wanawafunika wenzao, usikimbilie vitufe. Warudishe nyuma hatua moja, uwapandishe besi kwenye benchi. Kwaya ikipangwa vizuri kwa miguu yake, kuchanganya sauti baadaye kunakuwa kazi ndogo. Na acha nafasi ya kutosha kwenye kipimo cha sauti, vilele vikikaa karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, maana waimbaji waliotulia kwenye mazoezi hulipuka mbele ya watu.

Kwenye kompyuta, mkono uwe mwepesi. Ondoa ngurumo za chini, ukijua kwamba besi mzuri hushuka hadi karibu hezi 80. Kama uliongeza maikrofoni ya ngoma au ya mwimbishaji, icheleweshwe ilingane na zile kuu mbili: sauti hutumia kama milisekunde tatu kwa kila mita. Usibane sauti hadi mnong'ono na mlipuko vilingane, na usiongeze mwangwi wa bandia juu ya ule wa kanisa. Vigelegele viachwe.

Kwamba rekodi huhifadhi kisichoandikwa, tuna ushahidi karibu nasi. Missa Luba, misa iliyoimbwa Kamina, Katanga, na kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin chini ya padri Guido Haazen, ilirekodiwa 1958. Sehemu kubwa ya uimbaji wake ilibuniwa papo hapo na waimbaji, bila noti mbele yao. Rekodi ndiyo iliyoisambaza duniani, na miaka mingi baadaye kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, nayo ikairekodi. Kwaya zetu zina miitikio mingi ya namna hiyo, isiyoandikwa popote, na wanaoijua wanazeeka.

Kwa hiyo ninawaomba walimu na kamati za kwaya: kwenye bajeti ya albamu ijayo tengeni fedha za kurekodi ibada moja nzima mkiimba pamoja, hata kama hamtaiuza. Mtafuteni fundi mwenye subira, mwambieni asinyooshe noti, na nakala mziweke mahali pawili tofauti.