Kuungama Udanganyifu wa Zamani

Huenda mtu akakaa miaka mingi na jambo limwumalo moyoni: alimdanganya mwenziwe akala fedha chache, wala hakushtakiwa. Siku moja dhamiri humwambia, “Nenda kwa polisi ukaseme.” Nia hiyo ni njema, nasi hatuilaumu, lakini yafaa kwanza ajue yatakayomfuata, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Na tutoe mfano katika nchi ya Kenya. Mtu alipokea shilingi 800 kwa kusema kwamba ghalani mwake mna mbegu, naye akijua hamna. Fedha ni kidogo, bali kosa si dogo. Sheria ya Adhabu, kifungu cha 313, huliita kupata mali kwa udanganyifu, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3.

Wengi hudhani kwamba kosa la zamani limekwisha kufa. Sivyo. Muda wa miezi 12 wa kushtaki umewekwa kwa makosa madogo tu, ambayo kifungo chake hakizidi miezi 6. Kosa hili halimo.

Tena, askari hana msamaha wa kutoa. Na mtu akitiwa hatiani, hukumu huandikwa. Kisha atakapotaka cheti cha tabia njema ili apate kazi, yaweza kumzuia.

Hata hivyo sheria haikumwacha bila ngao. Ungamo halipokelewi ila limefanywa mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi asiyepungua daraja ya Inspekta, asiye mpelelezi wa shauri hilo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mwenye kuungama. Lakini asijidanganye: maneno yasiyopokelewa mahakamani yaweza kumwonyesha askari mahali pa kutafuta mashahidi na stakabadhi.

Basi shauri letu ni hili: aanze kwa wakili kabla ya kwenda kituoni. Wakili atamweleza namna ya kurudisha fedha, na kama yafaa kutafuta suluhu, ambayo Katiba ya mwaka 2010 yaihimiza katika ibara ya 159. Kulipa hakufuti kosa, ila hakimu aweza kukuangalia apimapo adhabu.

Wala tusimsahau aliyedhulumiwa. Yeye angali akingoja haki yake, na hofu ya mkosaji haimlipi hata senti moja. Kuijua hatari si sababu ya kunyamaza milele, bali ni njia ya kutengeneza jambo bila kuharibu jingine.