Daraja Lisiloonekana: Uimara wa Silani katika Ujazaji wa Meno

Dawa nyeupe ya kuzibia meno, ile inayoganda kwa mwanga wa buluu, ni mchanganyiko wa vitu viwili visivyopatana. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni chembe za kioo au silika, zilizosagwa zikawa laini kuliko unga. Iliyobaki ni resini, ambayo ni polima, jamaa ya plastiki. Kioo hupenda maji, resini huyakimbia. Vikichanganywa hivi hivi, kila chembe hukaa ndani ya resini kama kokoto ndani ya nta: imezungukwa, lakini haikushikwa. Mgonjwa akitafuna, mzigo hauhami kutoka kwenye resini laini kwenda kwenye kioo kigumu, na ufa huanzia pale pale viwili hivyo vinapokutana.

Mpatanishi wao ni silani. Molekuli yake ina ncha mbili zenye tabia tofauti. Ncha moja hujiunga na resini wakati mwanga unapoigandisha. Ncha ya pili hubeba silikoni yenye vikundi vitatu vya methoksi. Vikikutana na maji hugeuka kuwa silanoli, nayo silanoli hushikamana na uso wa kioo kwa kujenga daraja la silikoni, oksijeni na silikoni, liitwalo siloksani. Watengenezaji wa plastiki yenye nyuzi za kioo ndio waliotangulia kuitumia, katika miaka ya 1940. Katika tiba ya meno ilipata nafasi kupitia Rafael Bowen wa Marekani, ambaye hataza yake ya mwaka 1962 ilieleza dawa ya kujazia meno yenye silika iliyopakwa silani. Mwaka 1983 Richard Simonsen na John Calamia walionyesha kwamba kauri iliyokwanguliwa kwa asidi ya hidrofloriki inaweza kushikishwa kwa resini. Silani ikaingia katika kazi hiyo pia, na kauri nyembamba ikaweza kugandishwa juu ya jino bila kulichonga mno.

Lakini daraja lililojengwa kwa msaada wa maji hubomolewa na maji hayo hayo. Resini, ingawa huyakimbia maji, huyanywa kidogo kidogo kwa miezi na miaka. Yakifika kwenye mpaka wa kioo, huvunja siloksani na kuirudisha kuwa silanoli. Joto la mwili la nyuzi 37, asidi ya bakteria na soda, chai ya moto ikifuatwa na maji baridi, vyote huongeza kasi. Sampuli zikilowekwa kwa muda mrefu, silikoni hupatikana ndani ya maji yaliyozilowesha.

Hata hivyo, hukumu isiwe kali mno. Mkemia Edwin Plueddemann wa kampuni ya Dow Corning alieleza kuwa kiungo hiki hufunguka na kufungika tena: silanoli zikiwa nyingi, na resini ngumu ikizizuia zisichukuliwe na maji, kiungo kilichokatika hupata mshirika mwingine. Kwa hiyo uimara hautegemei kuyazuia maji kabisa, jambo lisilowezekana kinywani, bali mtandao ulioshonana vizuri tangu mwanzo.

Suala hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unataka matumizi ya amalgamu, ile dawa ya rangi ya fedha yenye zebaki, yapunguzwe. Amalgamu haikuhitaji silani. Mgonjwa aliyesafiri kutoka wilayani na kulipa kwa shida hatarudi upesi jino likifunguka. Huenda akarudi kung'oa.

Vipeperushi vya wauzaji hupenda kutaja nguvu ya mshikamano iliyopimwa baada ya saa 24. Takwimu hiyo husema machache. Yenye maana ni ile inayopimwa baada ya sampuli kukaa majini miezi sita au mwaka, au baada ya kuzamishwa maelfu ya mara, kwa zamu, katika maji ya nyuzi 5 na ya nyuzi 55 za Selsiasi.

Kliniki isiyo na maabara inaweza kuanza na chupa yake. Silani ya chupa moja imekwisha kuchanganywa kiwandani na ethanoli, maji na asidi kidogo. Tangu siku hiyo molekuli zake huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, na zikishashikana hazibakiwi na mkono wa kushika kauri. Joto la stoo lisilodhibitiwa, Dar es Salaam au Tanga, huharakisha uchakavu huo. Chupa iliyoingia ukungu kama wa maziwa itupwe. Kuwa angavu, kwa upande mwingine, hakuthibitishi kuwa ni nzima. Mfumo wa chupa mbili zinazochanganywa siku ya kazi una usumbufu, lakini huifaa kliniki inayotumia silani mara chache kwa mwezi. Kuhusu gundi za kisasa zilizotiwa silani ndani yake, asidi iliyomo huidhoofisha. Ni salama zaidi kupaka silani mbichi peke yake kwanza.

Wengi hudhani tabaka nene ni imara. Kinyume chake, molekuli za juu hulala tu bila kushika kitu, na maji huzisomba. Tabaka moja jembamba, likaushwe kwa hewa vuguvugu ili ethanoli na maji yatoke. Mate yakigusa kabla ya resini, kazi ianze upya.

Zirkonia haimo katika habari hii: haina silika ya kutosha wala haikwanguliwi na asidi ile. Huhitaji kupulizwa chembe zilizofunikwa silika, ama resini yenye fosfati. Upulizaji huo hufaa pia kauri ya kawaida inapomeguka ikiwa kinywani, na ndio utangulie palipo na kifaa chake, kwa kuwa asidi ya hidrofloriki huweza kuunguza tishu kwa kina kabla maumivu hayajasikika.