Anga yashuka bei, ziwa lasubiri

Wauza sangara na dagaa wa Mwanza huenda wakaona anga haiwahusu. Inawahusu. Picha za setilaiti ndizo zilizoonyesha magugu maji yalivyotanda ziwani miaka ya 1990.

Zamani anga ilikuwa ya wenye fedha. Kwenye jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi, roketi ya mwisho iliruka 1988. Wageni walipoacha, Kenya ikabaki na jukwaa kimya. Siku hizi bei ni nyingine: Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa Aprili 2023, ilitengenezwa kwa shilingi milioni 50 za Kenya. Uganda ilitangulia 2022.

Tanzania, yenye karibu nusu ya ziwa, ilitangaza mpango wake 2023. Wenye mitumbwi na viwanda vya minofu wanauliza: picha hizo zitauzwa kwa nani, kwa bei gani?